Kibao Kiseme Kweli
Mhadhara juu ya alama za barabarani, Tanga na pwani ya kaskazini



Nimeombwa nizungumzie alama za barabarani. Najua wengi mnategemea nianze na ile chati inayobandikwa ukutani kwenye vyuo vya udereva, pembetatu hii, duara lile, hapa nyekundu, pale bluu. Chati ile ina kazi yake, nayo inafundisha sura za alama. Mimi leo nataka tuzungumzie uaminifu wa alama. Kila kibao kilichosimikwa kando ya barabara kinatoa tamko: mbele kuna kona, mbele kuna watoto, hapa mwisho hamsini. Tamko linaweza kuwa kweli. Linaweza kuwa uongo. Na linaweza kuwa kweli tupu, lakini likaambiwa mtu asiyehusika huku anayehusika halisikii. Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya msiba wa barabara zetu imejificha katika hayo mawili ya mwisho, na kwamba tunawahi mno kumlaumu dereva kwa kutotii kabla hatujauliza kibao chenyewe kilimwambia nini jana na juzi.

Mwaka 1909 wajumbe wa mataifa kadhaa, wengi wao wa Ulaya, walikutana Paris wakaafikiana mkataba wa kimataifa wa magari. Katika mkataba ule waliidhinisha alama nne tu za kumtahadharisha dereva: tuta, kona, njia panda, na reli inayokatiza barabara. Dereva wa mwaka ule, lau angefufuka akapitishwa mkoani kwetu leo, angezikuta zote nne zina kazi. Matuta hayahitaji maelezo. Kona tunazo za kupandia Lushoto kutoka Mombo, ambako gari linabanwa kati ya mwamba na bonde. Njia panda tunayo Segera, ambapo wanaotoka Tanga hukutana na msafara wa Arusha na Dar es Salaam usiokatika usiku wala mchana. Na reli ndiyo nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu historia yake hapa Tanga inanifundisha jambo ambalo chati ya ukutani haiwezi.

Wajerumani walianza kuijenga reli hii hapa Tanga mwaka 1893. Ilifika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kwa hiyo, wakati wale wajumbe wanaafikiana juu ya alama ya reli kule Paris, treni ilikuwa imekwishazoeleka Muheza na Korogwe, na gari la injini lilikuwa bado kitu cha ajabu. Barabara nyingi za lami zilikuja nyuma ya reli, zikaikatiza. Treni ya mizigo iliyobeba saruji haikwepi kitu. Dereva wake akifunga breki, bado itasota mamia ya mita kabla haijasimama. Mtu pekee anayeweza kuzuia ajali pale kwenye makutano ni yule aliyeko barabarani, na ndiyo maana pakawekwa zile mbao mbili zilizopishana, zinazomwambia: simama, angalia, sikiliza.

Sasa tazameni kilichotokea. Kwa zaidi ya miaka kumi reli ya Tanga ililala. Nyasi zikaota katikati ya mataruma, watoto wakazaliwa na kuanza shule bila kuiona treni. Zile mbao zilizopishana, pale zilipobaki, ziliendelea kutoa tamko lile lile kwa kila aliyepita: angalia treni. Dereva aliangalia mara ya kwanza, treni haikuja. Akaangalia mara ya kumi, haikuja. Mwisho akaacha kuangalia, na mimi siwezi kumwita mjinga, kwani binadamu yeyote mwenye akili timamu hujifunza kutokana na anayoyaona. Kisha mwaka 2019 treni za mizigo zikarudi kati ya Tanga na Moshi, na mwishoni mwa mwaka ule treni ya abiria ikaanza tena safari kati ya Dar es Salaam na Moshi. Kibao kilekile, rangi ileile, mahali palepale, ghafla kikawa kinasema kweli. Lakini kibao hakina namna ya kupandisha sauti. Hakiwezi kusema, "Jamani, safari hii si mchezo."

Naamini reli inapofungwa kwa muda mrefu, alama yake ifunikwe, hata kwa gunia. Na siku treni inaporudi, isitegemewe alama ya zamani kuifanya kazi peke yake. Pawe na askari wa kusimama pale kwa wiki kadhaa, pawe na tangazo misikitini na makanisani, watoto wapelekwe na walimu wao wakaione treni inapita na waisikie honi yake. Tamko lililopoteza imani halirudishiwi imani kwa kupakwa rangi mpya.

Ugonjwa huo hauishii relini. Safirini kutoka hapa kwenda Chalinze mkahesabu vibao vya 50. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa ukomo kwenye makazi ya watu, na 80 kwa mabasi na malori yanayozidi tani tatu na nusu yanapokuwa nje ya makazi. Namba zenyewe ni za busara, wala sitaki mtu atoke hapa akidhani nazipinga. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 80 linakula mita 22. Mtoto anapokurupuka kufuata mpira, ile sekunde moja ambayo dereva anashtuka na mguu haujafika kwenye breki, hizo mita nane za ziada ndizo uhai wa mtoto.

Tatizo liko kwenye usimikaji na utunzaji. Kibao cha kuanza 50 kipo, kile cha kumaliza kimeanguka, au kimeibwa, au kimezama kwenye nyasi za masika. Dereva mtiifu anatambaa kwa 50 kilomita baada ya kilomita, kushoto mkonge, kulia mkonge, hakuna hata kibanda cha kuuzia machungwa. Nyuma yake foleni imejaa hasira. Mwishowe anaamua mwenyewe kwamba kijiji kimekwisha. Akifanya hivyo katika vijiji vitatu, kijiji cha nne hataangalia kibao tena. Ataangalia tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Macho yake yanatafuta sare nyeupe chini ya mti, masikio yanasubiri habari, na moyo unahesabu faini ya shilingi 30,000. Kijiji chenyewe, na watu wake wanaovuka kwenda kisimani, kimetoka kabisa akilini mwake.

Hapo ndipo madereva wakajiundia alama yao. Anayekuja mbele anakuwashia taa mara mbili, nawe unajua trafiki yupo. Askari wanaikasirikia desturi hii, na wana haki, kwa sababu inamsaidia mkosaji kukwepa. Lakini mimi naitazama kwa makini kwa sababu inatiiwa kuliko kibao chochote cha serikali. Haina karatasi, haina bajeti, haifundishwi chuoni, na kila dereva anapunguza mwendo papo hapo. Kwa nini? Kwa sababu haidanganyi. Anayewashiwa taa huwakuta askari kweli, mita mia kadhaa mbele. Imani ile ilijengwa kwa ukweli uliorudiwa maelfu ya mara, na hivyo ndivyo imani katika vibao nayo ingejengwa, kama 50 ingekuwa inaanza nyumba zinapoanza na kumalizika nyumba zinapomalizika.

Matawi nayo mnayajua. Lori likiharibika kwenye kona za Hale au kwenye miinuko ya kuelekea Mkata, utingo anaruka na panga, anakata matawi mabichi, anayatandaza barabarani nyuma ya gari na mbele yake. Sheria inataka pembetatu za kuakisi mwanga, na usiku pembetatu ni bora mara nyingi, kwa sababu majani hayang'ai. Hata hivyo mchana matawi yanaaminika, maana hakuna mtu anayekata matawi na kuyatandaza lami bila sababu. Na yenyewe yana dhambi yake: lori likishatengenezwa linaondoka, matawi yanabaki. Anayekuja saa mbili baadaye anapunguza mwendo, haoni kitu, na pale pale amejifunza kidogo kutoyaamini matawi ya kesho. Ndugu zangu matingo, kuyaondoa matawi ni sehemu ya kazi ileile ya kuyaweka.

Hatari zaidi ya hayo ni indiketa ya lori. Kwenye barabara zetu kuu dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto humwambia aliye nyuma, "pita, kweupe." Akiwasha ya kulia humwambia, "subiri, kuna gari linakuja." Ni ukarimu wa watu wa safari, na umewasaidia wengi. Lakini indiketa hiyohiyo ya kulia maana yake kisheria ni kwamba lori linataka kukata kulia, na ya kushoto ni kwamba linataka kuegesha au kuingia njia ya pembeni. Alama moja imebeba maana mbili, na anayeisoma ana sekunde mbili za kuchagua. Tena anayekuambia "pita" haoni unachokiona wewe, hajui gari lako lina nguvu kiasi gani, wala hatakuwa shahidi wako mahakamani. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, Fuso lililokuwa likijaribu kulipita gari jingine liligongana na Coaster iliyokuwa imebeba mwili wa marehemu na ndugu zake kwenda kuzika Rombo. Taarifa za kwanza zilihesabu vifo 17. Sisemi kwamba indiketa ilihusika usiku ule. Nasema kwamba kuovateki ndiko kunakotuzika, na uamuzi wa kuovateki haupaswi kukabidhiwa kwa taa ya mtu mwingine. Uko mstari katikati ya barabara kwa kazi hiyo: ukikatika, tazama mwenyewe na upime, usipokatika, kaa nyuma. Mstari nao lazima upakwe upya kabla haujafutika, la sivyo nao utakuwa bubu.

Nimesema kuna alama inayosema kweli lakini ikamwambia asiyehusika. Njooni sasa mjini.

Tanga ni mji wa baiskeli. Ukisimama Ngamiani saa kumi na mbili jioni, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, utamwona mama amembeba mwanawe, fundi amefunga mbao kwenye keria, mwanafunzi, muuza samaki aliyetoka ufukweni na tenga lake. Mpango wa mitaa ile umenyooka, na kwa sababu umenyooka una makutano mengi, kila baada ya hatua chache. Katika kila makutano lipo swali la nani apite kwanza. Pembetatu iliyogeuzwa chini, inayosema "toa njia", ingelijibu. Inapokosekana, jibu linatolewa na ukubwa: lori kwanza, kisha daladala, bajaji, bodaboda, na baiskeli mwisho, kama imesalimika.

Na hata kibao kinapokuwepo, usiku kinamwambia nani? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili halisemwi sana. Kile kinachong'aa usiku kwenye kibao ni karatasi maalumu yenye vishanga vidogo sana vya kioo, au vipande vidogo vilivyochongwa pembepembe. Kazi yake ni kuupokea mwanga wa taa ya gari na kuurudisha kulekule ulikotoka, karibu kabisa na macho ya dereva. Ni ufundi wa hali ya juu. Lakini fikirini maana yake: anayeona ni yule mwenye taa. Mwenye baiskeli isiyo na taa, akiwa mita tano tu kutoka kwenye kibao hichohicho, anaona ubao mweusi. Mtembea kwa miguu hivyo hivyo. Kwa hiyo kuanzia magharibi hadi alfajiri alama zetu zote zinazungumza na wenye magari peke yao, katika mji ambao wengi hawana magari.

Dawa yake si ghali. Taa ya dainamo au ya betri kwenye baiskeli humfanya mwendesha baiskeli aone alama na aonekane. Kiakisi chekundu nyuma ya keria hufanya kazi ileile kwa upande wa pili: kinaurudisha mwanga kwa dereva na kumwambia "hapa pana mtu". Kiakisi hicho ni alama ya barabarani inayotembea. Mafundi baiskeli wa mji huu wangekubaliana tu kwamba baiskeli haitoki kibandani bila kiakisi nyuma, wangekuwa wamesimika maelfu ya alama ambazo hakuna mkandarasi angeweza kuzisimika.

Juu ya wizi wa vibao nitasema machache, maana uchungu wake ni mkubwa na maneno yake ni mafupi. Bati na nguzo za alama zinang'olewa zikauzwe kama chuma chakavu. Anayeng'oa pembetatu ya kona kali ameiacha kona pale pale, ameondoa tu onyo. Anayenunua bati lenye pembe tatu na ukingo mwekundu anajua vizuri sana limetoka wapi, na mimi namwona yeye kuwa na hatia kubwa kuliko kijana aliyelileta. Sisi wa pwani tuna mwizi wa pili pia, naye ni chumvi ya bahari, inayokula chuma polepole hadi nguzo inakatika yenyewe.

Wapo watakaouliza: alama zetu zimetoka wapi, mbona ukivuka Horohoro kuingia Lungalunga unaona vibao vimebadilika kidogo? Kenya ilibaki karibu zaidi na mtindo wa Uingereza. Sisi tulielekea kusini, kwenye mfumo wa nchi za SADC, na mwongozo wetu wa alama ulitolewa na wizara mwaka 2009. Ndiyo maana dereva anayetoka Zambia akifika Chalinze hapotei. Katika mfumo huo alama za muda, zile za maeneo ya ujenzi, usuli wake ni wa njano, na usuli huo una siri nzuri: unamwambia dereva kwamba tamko hili ni la leo na litaondoka. Mkandarasi anayemaliza kazi akaacha kibao chake cha njano kikisema "punguza mwendo, kazi inaendelea" miezi mitatu baada ya mafundi kuondoka, ameivunja ahadi hiyo, na atakayelipa ni kibarua wa mradi unaofuata, atakayesimama na bendera yake mbele ya madereva waliokwisha kuzoea kudanganywa na njano.

Mfumo wa SADC ulifikiriwa kwa ajili ya msafiri wa mbali, na ni haki afikiriwe. Nauliza tu ni nani anayemfikiria mkaazi. Swali hilo halina mahali pa haraka zaidi kuliko barabara yetu ya pwani, ile ya kutoka Bagamoyo kupita Makurunge, Saadani na Pangani hadi Tanga, kilomita 256, pamoja na daraja la mto Pangani lenye urefu wa mita 525. Wazee wa Pangani wameisubiri lami hii maisha yao yote, na furaha yao ni yangu. Lakini lami inabadilisha kitu kimoja kabla ya vingine vyote, nacho ni mwendo. Miaka yote mashimo na mchanga ndivyo vilivyokuwa trafiki wa Tongoni na Kigombe. Gari lilikuja likiyumba, likisikika kutoka mbali, na mtoto alikuwa na muda wa kumaliza mchezo wake kabla hajapisha. Kwenye lami gari lililokuwa kule kwenye minazi liko hapa. Mtoto yule hajawahi kupima umbali wa gari liendalo kilomita 80 kwa saa, wala bibi yake hajawahi.

Tunao mfano wa nchini mwetu wa jinsi ya kulikabili jambo hili. Shirika la Amend lilianza Dar es Salaam mpango wa kuzikagua njia zinazozunguka shule na kuzirekebisha: alama za mwendo wa 30, matuta, vivuko vya zebra, njia za waenda kwa miguu, na mafunzo kwa watoto wenyewe. Utafiti uliofanywa ulionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa asilimia 26 hivi, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI). Kilichonivutia zaidi ni mwanzo wake. Wale watu walisimama shuleni asubuhi na kutazama watoto wanapita wapi hasa, ndipo wakaamua alama ikae wapi. Kivuko kilichochorwa mahali ambapo hakuna anayevuka ni uongo mweupe uliopakwa juu ya lami nyeusi, na baada ya miezi michache dereva atakuwa amekwisha kuufahamu.

Kwa hiyo, wenyeviti wa vijiji mliotoka Tongoni, Kigombe na Mwera, ombi langu ni kwenu zaidi ya kwa madereva. Mhandisi anapokuja na ramani, msimwache aondoke kabla hajatembea na ninyi kwa miguu. Mwonyesheni njia ya shule, njia ya madrasa, njia ya kisima, mahali ngalawa zinaposhusha samaki na akina mama wanapovuka na ndoo kichwani. Mwambieni jua linachomoza upande gani, maana kibao kinachotazamana na jua la asubuhi hakisomeki wakati wa shule. Mwonyesheni nyasi hufika wapi mwezi wa tano. Mwulizeni nani atazifyeka, na jina la ofisi ya kumpigia simu kibao kikianguka, kisha liandikeni ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Na popote ambapo nguzo bado haijasimikwa, jambo la kwanza la kukubaliana naye ni hili: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wa hapa wanavukia wapi?